Nyanya za kaskazi hazijapigwa dawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niseme jambo ambalo limenikaa moyoni tangu Januari, siku niliyomshuhudia mama mmoja, mkulima wa bustani kutoka bonde la mto Lukuledi, akirudishiwa matenga mawili ya nyanya katika soko moja la hapa mkoani Lindi. Mchuuzi aliyekuwa amekwisha kuafikiana naye bei alifunua majani ya juu ya tenga, akaona nyanya za rangi ya chungwa zenye mabega ya manjano, akatangaza kwa sauti ya kusikiwa na soko zima kwamba nyanya hizo zimepigwa dawa ili ziive upesi. Mama yule aliapa kwamba hajanyunyizia kitu chochote cha kuivisha, lakini nani amsikilize? Matenga yalifungwa tena nyuma ya bodaboda, na jioni nyanya zikauzwa kwa mafungu kando ya barabara kwa bei ambayo sidhani kama ilirudisha hata nauli.

Nimefundisha kemia katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, na sasa, katika ustaafu wangu, nina bustani ya matuta kumi na mawili ambayo mke wangu huiita maabara. Nilizijua zile nyanya mara nilipoziona, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa na nyingine za aina hiyo hiyo nyumbani. Hazikuwa zimepigwa dawa. Zilikuwa zimepigwa joto.

Wekundu wa nyanya hutokana na kiini cha rangi kinachoitwa likopeni. Mmea hukitengeneza ndani ya tunda wakati wa kuiva, hatua kwa hatua, kwa msaada wa vimeng'enya, na baadhi ya likopeni hiyo huendelezwa kuwa beta-karotini, ambayo ina rangi ya chungwa. Kazi hii inategemea sana joto. Tunda likiwa katika nyuzi joto 22 hadi 25 hivi, likopeni hutengenezwa kwa wingi na nyanya huwa nyekundu hadi ndani. Tunda likipita nyuzi 30 na kukaa huko kwa saa nyingi, utengenezaji wa likopeni huzorota na hatimaye husimama, ilhali ule wa beta-karotini huvumilia zaidi na kuendelea. Nyanya basi huiva, hulainika, hutoa harufu yake, lakini wekundu hauji, na kinachobaki kuonekana ni ile rangi ya chungwa. Mabega huathirika zaidi kwa sababu ndiyo yanayotazama jua, na tunda lililo wazi juani linaweza kuwa na joto linalozidi lile la hewa kwa nyuzi 10 au zaidi. Kwa hiyo siku ambayo kipimajoto cha kivulini kinasoma 31, kama zilivyo siku nyingi za kaskazi, msimu wetu wa joto, katika pwani yetu, bega la nyanya iliyopoteza majani yake limekwisha kupita 40.

Sasa mtu atauliza: je, nyanya ile ya chungwa ina lishe pungufu? Jibu ni kwamba inategemea unamtafuta nani ndani yake. Likopeni imepungua, na hilo ni hasara, kwa sababu ni miongoni mwa vitu vinavyozuia uharibifu unaoletwa na oksijeni kali katika seli. Lakini likopeni haigeuki kuwa vitamini A mwilini mwa mwanadamu. Beta-karotini ndiyo inayogeuka. Mtoto anayekula nyanya ya chungwa, maadamu joto halikupita kiasi hata beta-karotini nayo ikazuiwa, hajanyimwa vitamini A kwa sababu ya rangi ile. Mchuuzi aliyeikataa alikuwa na haki ya kusema wateja wake hawaipendi. Hakuwa na haki ya kusema ni sumu.

Tena kuna dawa ya tatizo hili isiyohitaji duka la pembejeo. Kizuizi cha joto juu ya likopeni si cha kudumu: tunda likihamishiwa mahali penye ubaridi kabla halijaiva kabisa, kazi huanza upya na wekundu huja. Kwa hiyo katika miezi ya joto ni afadhali kuchuma nyanya inapoanza tu kupiga rangi kitakoni, kuitandaza sakafuni ndani ya chumba chenye kivuli na hewa inayopita, na kuiacha ikamilike huko badala ya kuiachia jua liimalize shambani. Nimefanya hivyo kwa misimu mitatu, na tofauti ya rangi kati ya nyanya za mti mmoja, zilizobaki juani na zilizolala sakafuni, inaonekana hata kwa mtu aliyesimama mlangoni. Na tuache mtindo wa kuyapukutisha majani ya mnyanya kana kwamba ni adui. Jani ndilo mwavuli wa tunda.

Rangi nimeitanguliza kwa sababu inaonekana, lakini yapo mabadiliko yasiyoonekana kwa macho. Vitamini C ni mojawapo. Mmea huitengeneza kutokana na sukari zake wenyewe, na huitumia kama ngao dhidi ya madhara ya joto na mwanga mkali; joto likizidi, ngao hutumika kwa kasi kuliko inavyotengenezwa, na tunda au jani huvunwa likiwa na akiba ndogo. Ndiyo maana katika mazao mengi, nyanya zikiwemo, kiasi cha vitamini C huelekea kuwa kikubwa pale mmea unapokua katika hali ya ubaridi wa wastani na jua la kutosha. Nasisitiza jua la kutosha, kwa kuwa mwanga huiongeza vitamini hii, na hapa pana mtego ambao nitaurudia nitakapozungumzia vivuli.

Jingine ni sukari. Mchana mmea hutengeneza sukari kwa usanisinuru. Usiku hauitengenezi, bali huichoma kwa kupumua, na kasi ya kupumua huko huongezeka karibu mara mbili kwa kila nyuzi joto 10 zinazoongezeka. Fikiria usiku wa Januari mjini Lindi, upepo umelala, shuka haitamaniki na feni inazungusha hewa ya moto ileile: usiku kama huo mmea unakula ulichokitafuta mchana, na kinachobaki kwenda kwenye tunda ni kidogo. Kisha fikiria usiku wa Juni kule Njombe, ambako jalidi huweza kuanguka na kuyapaka mashamba weupe. Huko kabichi na sukuma wiki huibadilisha sehemu ya wanga wao kuwa sukari ili maji ya ndani ya seli yasigande kwa urahisi, na ndiyo sababu majani yao yana utamu ambao ya kwetu hayana. Utamu ule si siri ya udongo wa Njombe peke yake, wala si uvivu wa mkulima wa Mtwara.

Hapa ndipo ninapofika kwenye hoja iliyonifanya nishike kalamu. Kumejengeka katika mikoa yetu miwili, Lindi na Mtwara, dhana kwamba mboga bora ni ile iliyoshuka na lori kutoka nyanda za juu, na kwamba ya kwetu, kwa kuwa imekulia joto, ni makapi. Nimeisikia sokoni, nimeisikia kwenye harusi, na nimeisikia katika semina moja ya lishe, ambako mtoa mada, kijana msomi na mwenye adabu, alituambia kwamba joto "linaua virutubisho" na kwamba shule zinazotaka kulisha watoto vizuri zipande kabichi, karoti na spinachi. Shule moja iliyo jirani nami ilimtii. Walipanda karoti mwezi Novemba. Walichovuna ni vijiti vyeupe vyenye uchungu, na kamati ya shule ikagombana na muuza mbegu.

Mbegu haikuwa na kosa. Karoti hujenga rangi yake vizuri katika ubaridi, kati ya nyuzi 16 na 21 hivi. Joto likipanda, karotini hupungua, mzizi hufubaa, na zile kemikali za harufu zinazoleta ukali na uchungu hutokeza zaidi. Ukiipanda pwani mwezi Novemba umeiomba kazi isiyoiweza. Lakini kutoka hapo kwenda kwenye kauli kwamba joto linaua virutubisho vya mboga zote ni kuruka mto usio na daraja, kwa sababu ipo mboga iliyoumbwa kwa ajili ya joto, nayo inaota nyuma ya nyumba zetu bila hata kupandwa.

Namaanisha mchicha. Mimea mingi, ikiwemo kabichi, nyanya na maharage, ina udhaifu wa kimaumbile: kimeng'enya chake kinachonasa hewa ya ukaa, kiitwacho rubisko, hukosea na kunasa oksijeni, na makosa hayo huongezeka kadiri joto linavyopanda, hivyo mmea hupoteza sehemu ya kazi yake. Mchicha una njia ya kukwepa. Huinasa kwanza hewa ya ukaa kwa kimeng'enya kingine kisichobabaishwa na oksijeni, huifunga katika kampaundi yenye kaboni nne, kisha huipeleka ndani ya jani na kuirundika kuzunguka rubisko, ambayo sasa haina nafasi ya kukosea. Njia hiyo ilielezwa mwaka 1966 na Marshall Hatch na Roger Slack waliokuwa wakichunguza miwa huko Brisbane, Australia, na ndiyo inayotumiwa pia na mahindi na mtama. Katika siku ya nyuzi 32, wakati kabichi inahema, mchicha ndio kwanza unachangamka. Hutumia maji kidogo kwa kila kiasi cha chakula unachojenga, na ndani ya wiki tatu au nne umekupa majani yenye beta-karotini, chuma na kalisi. Nikiulizwa shule ya pwani ipande nini mwezi Novemba, jibu langu ni hilo, na jirani yake awe bamia, matembele na kunde za majani.

Sisemi kwamba mchicha hauna kasoro. Una oksaleti, ambayo huikamata kalisi na kuizuia isifyonzwe vizuri mwilini, na ndiyo sababu desturi ya kuuchemsha na kumwaga maji ya kwanza ina mantiki, ingawa maji hayo huondoka pia na sehemu ya vitamini C. Na kwa kuwa beta-karotini huhitaji mafuta ili mwili uipokee, mama zetu waliouunga kwa tui la nazi au kwa korosho zilizosagwa walikuwa wakifanya jambo sahihi kabla maabara haijalithibitisha.

Hata kati ya mboga mbili za majani zinazofanana kwa macho, joto halitendi sawa. Watafiti waliokuza sukuma wiki na spinachi katika vyumba vyenye joto linalodhibitiwa waliona kwamba spinachi ilikuwa na karotini na lutini nyingi zaidi katika majani mabichi ilipokua kwenye ubaridi, ilhali sukuma wiki ilikuwa nazo zaidi kwenye joto la nyuzi 30. Nazungumzia spinachi halisi, si ile yenye bua nene jeupe ambayo sokoni tumezoea kuiita kwa jina hilo. Kwa matokeo kama hayo, mtu anayesimama mbele ya hadhira na kusema "joto hupunguza lishe" anapaswa kwanza kuulizwa: lishe ipi, katika mboga ipi, na katika nyuzi ngapi?

Upo pia uchungu, ambao wengi huudhania kuwa ni dalili ya dawa za shambani. Tango lililopata mateso ya joto na kiu huongeza kukabitasini, kemikali chungu ambayo familia yote ya maboga huirithi kwa ajili ya kujilinda. Saladi ikipata joto hukimbilia kutoa maua, na utomvu wake mweupe huwa mchungu. Bamia haiwi chungu, lakini katika joto hukomaa upesi na nyuzi zake hugeuka kuwa ngumu kama kamba, hivyo asiyeichuma kila baada ya siku mbili ataila kwa shida. Na kisamvu kina habari yake peke yake: kiasi cha linamarini, kemikali inayotoa sumu ya sianidi, hupanda zaidi kwa sababu ya ukame kuliko kwa joto lenyewe, na katika mkoa wa Mtwara, ambako mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliripotiwa wagonjwa wa konzo, ule ugonjwa wa kupooza miguu unaohusishwa na ulaji wa mihogo michungu isiyoandaliwa vya kutosha, hatuhitaji kuambiwa mara mbili kwamba mwaka wa ukame kinu na chungu visifanyiwe haraka. Kutwanga ndiko kunakokutanisha linamarini na kimeng'enya chake, na kuchemsha bila kufunika ndiko kunakoifukuza sianidi. Mashine ya kusaga inatosha kwa kazi hiyo ikiwa imesaga kwelikweli. Anayekatakata tu na kutia sufuriani ajue amefanya nusu ya kazi.

Nilisema nitarudi kwenye vivuli. Siku hizi kila anayetembelea bustani zetu anashauri kununua wavu wa kivuli, na ushauri wenyewe ni mzuri kwa nyanya, hoho na vitalu vya miche, kwa kuwa wavu hushusha joto la tunda na la udongo. Lakini kivuli kinene hukata pia mwanga, na mwanga ukikatwa vitamini C hushuka. Katika mboga za majani huja tatizo la pili: mmea huhitaji mwanga ili kuigeuza naitreti iliyotoka kwenye mbolea kuwa protini, na usipoupata, naitreti hurundikana majani yakiwa mabichi na mapana ya kumvutia mnunuzi. Nimeona mchicha umepandwa chini ya wavu mzito na kumwagiwa yurea kila wiki, na mwenye bustani akijisifu kwa upana wa majani. Mchicha wa Lindi kuwekewa mwavuli ni sawa na samaki kupewa boya. Anayetaka kupunguza joto bila kupoteza mwanga atandaze nyasi kavu juu ya matuta, amwagilie jioni, na apande nyanya zake upande wa mashariki wa migomba ili zipate jua la asubuhi na kukingwa na lile la alasiri.

Lililo kubwa kuliko yote hayo, hata hivyo, ni kalenda. Kipupwe chetu, kuanzia Juni hadi Agosti, wakati kusi inavuma na asubuhi watoto wanakwenda shule wamejikunyata, ndicho kipindi ambacho joto la pwani linakaribia lile linalotakiwa na nyanya kwa ajili ya wekundu, utamu na vitamini C. Nyanya ya kuiva Julai inatakiwa iwe kitaluni mwezi wa Aprili, wakati mvua za mwisho zinaondoka, na mabonde ya Lukuledi na Ruvuma bado yana unyevu. Anayesia mbegu Septemba ataona maua yakipukutika Novemba kwa joto la usiku, na yatakayoponyoka yatampa zile nyanya za chungwa. Kwa wanaong'ang'ania kabichi na karoti, tunayo Newala na tunao uwanda wa Rondo: kila tunapopanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi, kwa hiyo watu walio juu ya uwanda wa Makonde wana nyuzi kadhaa za ubaridi ambazo sisi wa ufukweni hatuna, na mboga ikitoka huko hailali njiani siku mbili ikipoteza kile ilichokijenga.

Ombi langu kwa wahusika ni dogo. Vipeperushi vya kilimo cha mboga vinavyogawiwa huku vimeandikwa kana kwamba nchi nzima ni Lushoto. Vinataja mwezi wa kupanda bila kutaja joto, na pakiti za mbegu nazo hufanya hivyo hivyo. Iandikwe kalenda ya pwani ya kusini, inayosema kila zao linataka nyuzi ngapi mchana na ngapi usiku, na wataalamu wa kilimo na wa lishe waiandike kwa pamoja, kwa sababu wa kwanza hupima kilo na wa pili hupima vitamini, na sijawahi kuwaona katika kikao kimoja. Kwa wachuuzi naomba jambo dogo zaidi: kabla ya kumtangazia mtu sokoni kwamba nyanya zake zina dawa, wampasulie moja. Nyanya iliyoivishwa kwa nguvu ikiwa changa huwa na mbegu teke na ute haba. Ile ya joto mbegu zake zimekomaa na ute umejaa.

Yule mama wa Lukuledi nilimtafuta, na mwaka huu amesia Aprili. Nimempa kipimajoto changu cha zamani, amekitundika kwenye nguzo ya kibanda cha bustanini, na mwanawe wa darasa la sita ndiye anayeandika daftarini joto la alfajiri na la saa nane mchana. Nyanya zake za kwanza zimeanza kupiga rangi wiki hii.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu,
Lindi Mjini